Somo Langu Juu ya Mwamba wa Kiswere

Jiografia ya chuo niliiacha mwaka wa kwanza, lakini wanafunzi walipokuja Kiswere kujifunza nikajitapa nimemaliza, wakanifanya kiongozi wao. Maji yalikuwa yamekupwa, nikawapeleka mbali kabisa, mwambani. Mara akina mama wavua pweza wakaanza kurudi pwani mbiombio.

"Mbona wanaondoka?" mwalimu wa wanafunzi akauliza.

"Huo utamaduni," nikajibu kifua mbele. "Mwanamke wa pwani hachelewi kupika. Andikeni!"

Wakaandika. Bibi mmoja akatupita na pweza wake, nikamwamkia.

"Marahaba. We mtoto wa milimani, maji yanajaa! Unawapeleka wapi wana wa watu?"

Nikageuka. Viatu vya mwalimu, alivyoviacha mchangani kwa ushauri wangu, vilikuwa vinaelea, na darasa zima linafuta ule "utamaduni" wangu madaftarini.