Tumbaku ya Baba na Mtihani wa Somoe

Tumbaku kavu ina harufu tamu kabla haijawashwa, na nilipokuwa mtoto pale Nkowe viganja vyangu vilinuka harufu hiyo karibu kila siku, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kuinunua. Baba aliisokota kwenye kipande cha gazeti, akalamba ukingo wake, akaiwasha kwa kijinga cha jikoni, na moshi ukatanda katika nyumba yetu ya vyumba viwili. Mama alilalamika kwa sauti ya chini, hasa mdogo wetu wa mgongoni alipokohoa. "Baba Somoe, si ukavutie nje?" Baba hakuwa mkali. Alijibu taratibu, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi: "Kifua changu, nyumba yangu, na tumbaku naipata kwa jasho langu. Nimemkosea nani?" Sisi watoto tuliona ana haki. Alilima, alitulisha, hakunywa pombe, hakumpiga mtu. Starehe yake ilikuwa hiyo moja tu.

Msimu ninaousimulia nilikuwa darasa la nne. Mikorosho ilizaa sana, mabibo yakaoza chini hadi uchachu wake ukasikika barabarani. Dada yangu Somoe alikuwa kidato cha pili Ruangwa mjini, akiishi kwa mama mdogo, wa kwanza katika ukoo wetu kufika sekondari. Kila aliporudi likizo aliandika majina ya mifupa ya mwili kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na mama alikataza ukuta ule usipakwe udongo mpya.

Baba alikuwa amekohoa miaka mingi, tukazoea kama tulivyozoea jogoo kuwika. Mwaka ule akaanza kupumzika mara tatu kati ya shamba na nyumba, kisha mara sita, na asubuhi moja akatema damu. Majirani wanne waliacha kazi zao wakambeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani. Mvua ya kwanza iliwakuta njiani, na korosho walizoanika uani zikalowa zote. Hakuna aliyelalamika mbele yetu. Hospitalini Nachingwea daktari alimwambia mama kwamba mapafu yameharibika kwa moshi, na kwamba mgonjwa atakaa wodini muda mrefu. Alihitaji mtu wa kumwogesha, kumpikia na kumshika anapokwenda chooni. Mama alikuwa na mtoto anayenyonya na shamba zima la kuokota. Akatuma ujumbe kwa Somoe: njoo, ni wiki mbili tu.

Hazikuwa wiki mbili. Mama aliponipeleka kuwaona, mwezi ulikuwa umepita, na mitihani ya taifa ya kidato cha pili ilikuwa imeanza. Tulimkuta Somoe nyuma ya jiko la ndugu wanaouguza wagonjwa, akifua shuka, mikono imechubuka kwa sabuni. Baba alikuwa ameketi nje ya uzio, kwenye jiwe, amekonda hadi shati limekuwa la mtu mwingine. Alikuwa amemwagiza mtu tumbaku, nayo ilikuwa mkononi imeshasokotwa. Somoe akamfuata, akasimama mbele yake. Sikuwahi kumsikia akimjibu baba, lakini siku ile alisema, "Baba, mtihani ulianza jana."

Baba alimtazama. Naamini hakuwa anajua; hakuna aliyekuwa amemwambia, na yeye hakuwa ameuliza. Alishusha mkono, akaipapasa ile sigara kwa kidole gumba, huku na huku. Nilidhani ataitupa. Nilikuwa na hakika kabisa ataitupa. Akasema bila kututazama, "Mwanangu, nipe kiberiti."

Somoe alirudi kwenye shuka zake. Mimi ndiye niliyekwenda jikoni kuomba kiberiti, nikampelekea.

Baba alifariki kabla ya palizi, na watu wa kijiji kizima walilia, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. Somoe hakurudi shule. Kwanza ilikuwa kumsaidia mama mpaka amalize eda, kisha ilikuwa kupalilia, kisha akaolewa kijiji cha Chunyu.

Leo mimi ni mwalimu Nachingwea. Siku hizi tumbaku ya kusokota ni ya wazee wachache. Vijana stendi wananunua sigara moja moja, na pakiti ina onyo ambalo wote wanaweza kulisoma, jambo ambalo baba hakuweza. Juzi nilimwomba dereva wa bodaboda asivute huku nimebeba mtoto. Akasema, "Dada, haya ni maisha yangu." Zamani ningembishia. Nilishuka, nikatafuta pikipiki nyingine. Wodini najua yupo binti mwingine anayefua shuka, na sina njia ya kumwonyesha yule dereva.

Mwezi uliopita nilikwenda Chunyu. Tukiwa tunamenya mihogo, nilimuuliza Somoe kwa mara ya kwanza kama alimsamehe baba. Alimaliza kumenya muhogo uliokuwa mkononi.

"Baba nilimpenda," alisema. "Na shule niliipenda."

Akavuta muhogo mwingine.