Kiti cha Nyuma cha Helikopta

Mume wangu aliniahidi helikopta nikiwa kwenye uchungu wa kuzaa, na ahadi ya namna hiyo mimi naihesabu kama kiapo cha mahakamani. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, vidole vyake vimo ndani ya ngumi yangu na vimeanza kubadilika rangi, akasema, "Vumilia, mama. Ukimaliza hii, ile tiketi ni yako. Nakupeleka juu kabisa." Tiketi yenyewe aliipata kwa bahati nasibu kwenye karamu ya kazini kwao, huko Irving, alikokuwa akipakia mizigo ya ndege. Wenzake walishinda blanketi na mashine za kahawa. Yeye akashinda matembezi ya angani ya watu watatu, kuzunguka maghorofa ya Dallas na kurudi. Nikamsukuma yule mtoto kwa nguvu za helikopta.

Miezi miwili baadaye nilikuwa sijaona kitu isipokuwa kuta za nyumba yetu ya kupanga Grand Prairie, kliniki, halafu kuta tena. Sikuwa nimeoga hata mara moja bila mtu kulia nje ya mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na hasira za mtu wa hamsini. Nilitaka dakika ishirini mahali ambapo mkono wa mtu hauwezi kunifikia. Sikutaka maua. Sikutaka kadi. Nilitaka kwenda juu.

Wakati huo mama yangu mzazi alikuwa amekuja kutoka Kakamega kunisaidia kulea. Sasa, kwetu mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono. Hawakai kiti kimoja. Hawatazamani usoni. Hata hilo la kulala chini ya paa moja lilijadiliwa na wazee kabla hajapanda ndege, wakaamua kwamba Amerika ni mbali na hoteli ni ghali, kwa hiyo Mungu ataelewa. Yako mambo ya kufanywa ili masharti yalegezwe, lakini yanafanyiwa nyumbani, na sisi tulikuwa Texas, vyumba viwili na choo kimoja. Kila asubuhi mama alikohoa ndani ya chumba chake kama pikipiki inayokataa kuwaka, ili mume wangu apate muda wa kukimbilia roshani. Mwanamume mzima alikuwa akinywa uji nje kwenye baridi, amevaa kofia ya sufu, na jirani mmoja Mmarekani akaniuliza kwa upole kama tumeachana.

Wakitaka kuambiana kitu, walikipitisha kwangu.

"Mwambie baba mtoto chakula kiko tayari," mama anasema, na mume wangu yuko hatua tatu kutoka pale, anasikia kila neno.

"Mwambie mama nimeshukuru."

Nami niko katikati, titi nje, nimekuwa posta.

Mtu atauliza, sasa kwa nini ukampeleka mama kwenye helikopta? Kwa sababu viti vilikuwa vitatu, na mama akirudi Kakamega aseme aliona nini huku? Friji? Mimi nilidhani helikopta ni kama ndege tu, viti vingi, kila mtu na dirisha lake. Mume wangu alidhani hivyo hivyo, na yeye ndiye anayeshinda kutwa kwenye uwanja wa ndege.

Mtoto wa miezi miwili hakuruhusiwa kupanda, kwa hiyo tukaja na jirani yetu wa ghorofa ya chini amshike. Jirani huyu ni Mkongomani wa Bukavu, mama wa mapacha, mwembamba kama mpini wa ufagio. Alikuwa ametoka kazini kwenye ghala saa chache tu zilizopita na alikuwa bado na viatu vyake vya kazi vyenye chuma mbele. Tukafika kwenye kile kiwanja kidogo cha ndege, mama amevaa gauni la kanisani, sweta mbili na kilemba, na mkononi ana chupa ya chai. Alikuwa amepika pia mandazi. Ya kula angani.

Kitu cha kwanza walichofanya wale watu ni kutupima uzito. Pale pale ofisini, mbele ya kila mtu, kwenye mzani wa chini.

"Napimwa kama gunia la mahindi?" mama akaniuliza.

"Ni sheria yao, mama. Panda tu."

Mume wangu, kwa heshima, akageukia ukutani asione. Msichana wa mapokezi akaisoma namba kwa sauti, mia mbili na kumi na moja, na mume wangu akaanza kuimba pambio kwa nguvu asisikie. Huko Amerika wanapima kwa ratili, lakini mama hakujua. Alidhani ni kilo.

"Mia mbili! Mimi ni ng'ombe wa gredi?"

"Mama, weka chini chai kwanza."

Akaweka chini chai. Mzani ukapungua kidogo sana. Mama akautazama ule mzani kama unavyomtazama mtu aliyekusengenya.

Halafu rubani akatoka. Mzungu mwenye tumbo la heshima na miwani myeusi, anatafuna bazoka. Akatazama karatasi ya uzito, akatazama sisi, akatupeleka nje hadi kwenye helikopta. Kilikuwa kitu kidogo kama yai lenye mkia. Mbele viti viwili, nyuma viwili, na vile vya nyuma vimebanana hivi kwamba watu wawili wakikaa wanagawana mfupa mmoja wa paja. Rubani akapanga: mimi mwepesi mbele karibu naye, wale wazito wawili nyuma. Nikamuuliza kama mume wangu anaweza kukaa mbele. Akajipapasa tumbo, akasema mbele pamejaa tayari, pua ya ndege itainama. Je, mama? Akatikisa kichwa.

Nikawageukia. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama alikuwa anaangalia mbali, upande wa mji wa Fort Worth.

"Mwambie huyo dereva," mama akasema polepole, "kwamba mimi sijavuka bahari kuja kukaa paja kwa paja na mume wa mtoto wangu."

"Mwambie mama," mume wangu akasema, "hata mimi siwezi. Nitawaangaliaje wazee?"

"Wazee wako Kakamega!" nikasema. "Nani atawaambia?"

"Mungu anaona," mama akasema.

"Mungu alishawaona mko kwenye choo kimoja miezi miwili!"

Basi suluhisho lilikuwa rahisi, hata mtoto angeliona. Mmoja abaki, mmoja apande. Lakini sasa ikaanza ile vita ya adabu, na hakuna vita mbaya kama hiyo, kwa sababu kila mtu anapigania kushindwa.

"Mwambie mama apande yeye, ni mgeni."

"Mwambie baba mtoto apande yeye, tiketi ni jasho lake."

"Mwambie mama siwezi kupanda nikamwacha mkubwa wangu chini."

"Mwambie baba mtoto mimi nimeshapanda ndege ya kuja, imetosha. Na hii haina hata choo."

Rubani akanionyesha saa yake. Kulikuwa na maharusi wawili kwenye benchi wakingoja zamu yao, wameshikana mikono, wamependeza, hawana mtoto. Rubani akasema dakika tano, tusipopanda anawachukua wale, na tiketi yetu itakuwa imekwisha kwa sababu ile ilikuwa siku ya mwisho ya kuitumia. Hilo la siku ya mwisho mume wangu alikuwa hajaniambia. Nikamtazama. Akazidi kuchunguza viatu.

Nikawatafsiria. Dakika tano. Siku ya mwisho.

Halafu mama akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mwambie baba mtoto, kwani lazima? Turudi tu nyumbani, nitapika kuku."

Na mume wangu, mwanamume ambaye kwa miezi miwili hakuwahi kukubaliana na mama yangu juu ya jambo lolote, hata kufungua dirisha, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. "Mama amesema vizuri. Tu-cancel tu. Heshima ni bora."

Sijui kilichonipata. Nilisikia masikio yanapiga honi. Nilipiga kelele mpaka bwana harusi akasimama.

"Kuku! Mimi nimechanika, nimeshonwa, nimenyonywa kama na ndama wanne, halafu nipewe kuku? Heshima, heshima! Nani ameniheshimu mimi? Heshima yenu inakaa kwenye mapaja tu? Mkae na kuku wenu! Mimi leo naruka, hata kama ni kwa kufunga leso mikononi iwe mbawa!"

Mama akashika mdomo. Kwetu hupigi kelele mbele ya mama yako namna hiyo, na mbele ya mume ni aibu mara mbili. Ningeweza kuomba msamaha. Sikuomba.

Hapo ndipo jirani, ambaye wakati wote alikuwa kando anambembeleza mtoto, akasogea.

"Mama Bebe," akaniambia, "kile kiti hakuna mutu?"

"Hakuna."

"Bon. Miye niko tayari." Akamgeukia mama yangu na kumwekea mtoto mikononi kabla hajasema lolote. "Shika mujukuu, mama. Aksanti." Akaenda kupimwa mbio, viatu vya chuma vikigonga sakafu, akarudi anacheka. "Wananiambia niko mwepesi! Twende, dada, mbele ya watu bazima kuleta mkutano ingine!"

Tukapanda. Tukafungwa mikanda, tukavishwa vile vidude vya masikioni vyenye kipaza sauti mdomoni. Lile pangaboi la juu likaanza kuzunguka na mandazi ya mama yakapeperuka kutoka kwenye bakuli, nikaona moja likimfuata mume wangu mgongoni. Halafu ardhi ikaniacha.

Sikujua kama ningelia. Nilicheka. Nilicheka kama mwendawazimu, kwa sababu tumbo lilibaki chini na mimi niko juu, na kila kitu kilichokuwa kinanielemea kilikuwa pale chini kimekuwa kidogo kama punje. Barabara kuu zilipindana kama utumbo wa mbuzi kwenye karai. Magari yalikuwa siafu. Mto Trinity, ambao nikiwa kwenye gari nilidhani ni mtaro, ulikuwa mto kweli, una mikono na viwiko. Na mbele yetu Dallas ilikuwa imesimama peke yake kwenye tambarare, vioo vitupu, ule mnara wenye mpira juu umekaa pembeni kama peremende ya kijiti.

Jirani nyuma alikuwa anaimba. Hakujua kwamba kipaza sauti kinampelekea rubani kila kitu.

"Yesu wangu! Yesu wangu! Dada, angalia, ile paa nyeupe! Ile ni kazi yangu! Supavaiza iko mule ndani!" Akapunga mkono kwa nguvu mpaka helikopta ikatikisika, au nilidhani imetikisika. "Supavaiza! Weee! Miye niko juu yako leo!" Halafu akamgonga rubani begani. "Papa, simama hapa kidogo."

"Jirani, hii haisimami angani!"

Nikamtafsiria rubani kwa aibu. Na yule mzungu, bila kubadilisha uso, akasimama. Angani. Tukaning'inia pale juu ya ghala, jirani akimwambia supavaiza wake kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha ya kwao mambo ambayo sitayaandika.

Tulipofika kwenye maghorofa tukapita karibu sana na vioo, nikajiona humo ndani ya jengo: yai dogo, na ndani yake mwanamke mwenye vidude masikioni na doa kubwa la maziwa kila upande wa blauzi. Maziwa hayajui kama uko angani. Yalikuwa yameshuka kwa saa yake. Siku nyingine ningelia kwa aibu. Siku ile nikajipungia mkono. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyenituma nimwambie mtu kitu. Jirani mwenyewe alikuwa amenyamaza hatimaye, ameweka paji la uso kwenye dirisha, na kwa muda fulani sisi watatu hatukusema neno, na ile ndiyo iliyokuwa zawadi yangu. Niliipokea yote.

Tukirudi, kabla hatujashuka, nikawaona wale wawili kwenye nyasi kando ya maegesho. Mume wangu alikuwa ameweka chini kiti cha kubebea mtoto walichokitoa garini, mtoto yumo ndani, akarudi nyuma hatua kama kumi, akageuza mgongo. Mama akatoka alikokuwa, akaja, akachukua kiti, akarudi kwake. Baada ya muda akakileta tena katikati, akaweka chini, akaondoka, mume wangu akaja kuchukua. Kutoka juu ilionekana kama mchezo wa watoto usio na mshindi. Rubani akaniuliza kama kuna tatizo pale chini. Nikamwambia hapana, wanaheshimiana.

Tukatua. Mume wangu akaja mbio, nywele zimesimama kwa upepo. "Ilikuwaje? Mliona nini huko?"

"Sikuambii."

"Ah, mama mtoto, jamani. Hata kidogo?"

"Ulikuwa na kiti chako huko juu."

Mama naye akasogea, lakini si sana, akasimama umbali wake wa kawaida. "Na mimi hutaniambia?"

"Mama, na wewe ulikuwa na kiti."

"Kilikuwa karibu na mtu," mama akasema, na nikaona mdomo unamcheza.

Jirani aliwahadithia yote njiani, mnara, mto, supavaiza, akiongeza chumvi kila tulipopita taa za barabarani. Wakamwuliza maswali kwa zamu, yeye akajibu kila mmoja moja kwa moja, wala hakuna aliyenigeukia nipeleke ujumbe. Mimi nilimnyonyesha mtoto tulipokuwa bado kwenye maegesho, kisha nikafumba macho, nikawasikiliza tu mpaka nyumbani.