Hodi ya Tatu Mlangoni kwa Yumna

Kabla ya korona, Yumna alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe: utalii. Akija kwao Mkoani likizo kutoka chuoni Unguja, alikosomea fani hiyo, hakumwacha mtu kwa amani. Alikupokea mlangoni kwako mwenyewe akakueleza historia ya nyumba yako. Aliyemtia wazimu huo ni kaka yake, Haitham, mhudumu wa hoteli, ambaye kila Idi alikuja nyumbani shati limenyooka na hadithi tele.

Kisha maradhi yakaja. Wageni wakaondoka, hoteli ikafungwa, na Haitham akashuka bandarini na begi moja, hadithi hana. Darasani kwa Yumna wenzake wakaanza kupukutika: huyu kahamia uuguzi, yule ualimu, Ruweida kaolewa. Chuo kilipofunguliwa tena, mama yao, Bi Mize, akasema lake.

"Kazi gani hiyo, mwanangu? Watu wakohoe ng'ambo, weye Mkoani ulale na njaa? Miye ninaye mmoja kakaa ndani, hanitoshi?"

Yumna akamwahidi mama kwamba utalii basi. Akashika sindano, akawa anashona kofia. Alizishona vizuri, tusimpunje, lakini moyo wake haukuwamo. Hata watalii waliporudi, akiwaona bandarini aligeuza uso, kana kwamba wao ndio waliomwacha. Ukweli ni kwamba aliogopa kuipenda tena kazi ile, halafu imponyoke tena.

Bi Zuweina, mwalimu wake wa chuoni, hakukata tamaa hivyo. Alifungua darasa la utalii papo hapo Mkoani, akawa anazunguka mitaani kuwatafuta wanafunzi wake waliopotea. Alasiri moja, Bi Mize yuko kwa jirani, Yumna akaisikia mlangoni sauti anayoijua.

"Hodi!"

Yumna akanyamaza. Ahadi ni ahadi. Na hodi, kila Mpemba anajua, ni tatu tu. Usipoitikiwa unarudi zako bila kinyongo. Bi Zuweina mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuwaeleza hivyo wageni wa ng'ambo, wasije wakajiingilia majumbani mwa watu.

"Hodi!"

Haitham alikuwa chumbani, na alisikia.

"Kaka, itika," Yumna akanong'ona.

"Si mgeni wangu," akajibu.

Ilibaki hodi moja. Yumna alijua kwamba mwalimu akiondoka leo hatarudi tena, si kwa kususa, bali kwa adabu.

"Hodi..." Safari hii ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kugeuka.

"Karibu!" Yumna akapiga ukelele, kofia chini, sindano chini. "Karibu, Mwalimu, karibu ndani!"

Bi Mize aliporudi alimkuta mgeni juu ya mkeka, na Haitham, ambaye miaka yote hiyo hakugusa sinia, anaandaa chai huku kitambaa kimelala mkononi kama zamani hotelini. Akamvuta Yumna pembeni.

"Nani kamkaribisha?"

"Miye, mama."

Bi Mize akamtazama binti yake. Akamtazama Haitham na kile kitambaa chake. Kisha akaenda jikoni, akarudi na sahani ya mkate wa mchele, akaketi mkabala na mgeni.

"Enhe, Mwalimu," akasema. "Na huko darasani mtamfundisha kumpa mgeni chai tupu kama hivi?"