Meno ya Mulki, Jina la Nasro

Mulki huuza madera na mitandio karibu na msikiti mjini Kitale, na kibanda chake kimeshikana na changu cha viatu. Mimi ni Kabura, mtu wa kanisa, lakini jirani huyu namjua kuliko jamaa zangu wa Kiminini. Mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa akimwita mteja aliye ng'ambo ya barabara, akimtania kuhusu mumewe, na mteja anakuja akicheka na kuondoka na dera ambalo hakutoka nyumbani kulinunua. Nilimwonea wivu, nisidanganye.

Meno mawili ya chini, ya mbele, aliyapoteza siku ya soko la Chwele, bodaboda ilipoteleza kwenye matope ikamtupa mtaroni pamoja na mzigo wake. Tangu hapo akawa anaita wateja huku amejiziba na kiganja. Kumwona hivyo kuliniumiza. Ndipo dadake Nasro, karani wa kampuni moja ya uchukuzi kule Bungoma, akamwambia atumie bima yake ya kazini.

Sasa msijitie hamnazo. Kwetu kadi ya bima huazimwa kama sufuria za harusi. Nani hajawahi kumpeleka mtoto wa dadake hospitalini kwa jina la mtoto wake mwenyewe? Mulki na Nasro wanafanana, na wote hujitanda mtandio namna moja. Ujumbe wa kuthibitisha uliingia kwenye simu ya Nasro, Nasro akamsomea dadake, na daktari wa kliniki ya binafsi akampandikizia Mulki skrubu mbili za chuma kwenye taya, kisha baadaye akazivika meno. Muuguzi aitwaye Phelista alibandua stika za pakiti za zile skrubu, akazibandika kwenye faili, ili skrubu zikija kuleta shida mwenyewe atafutwe. Faili ilikuwa ya Nasro. Namba ya simu pia ilikuwa ya Nasro.

Mulki akarudi kwa kelele zake. Halafu, mwaka uliofuata, akaanza kunyamaza. Taya lilikuwa likimuuma, naye akimeza vidonge vya maumivu kimyakimya, kwa sababu alipewa meno ya bure na aliona aibu kulalamika. Shavu lilipovimba na usaha ukaanza kutoka, nilimburuta kliniki nikimfokea njia nzima.

Phelista alifungua faili, akasoma zile stika, akatutazama kwa mshangao.

"Nasro, si nilikupigia simu? Hizi skrubu wenye kutengeneza waliziitisha zote zirudishwe. Ziko na kasoro, zinaharibu mfupa. Tuliita kila mtu aliyewekewa. Wewe ukaniambia uko sawa, ati daktari wa Bungoma amekuangalia."

Mulki akanigeukia. Sitasahau macho yale. Simu ilikuwa imepigwa, na dadake hakumwambia neno. Baadaye tulikuja kujua kwamba Nasro alipokea akiwa ofisini, bosi wake kasimama hapo hapo, akadhani ni watu wa bima wanamtega. Akajibu alivyojibu. Kisha akajipa moyo kwamba kama dada angekuwa anaumwa, angesema.

"Mama, hii sasa ni ya hospitali kubwa," Phelista akaendelea. "Na faili lazima iende na wewe, daktari ajue ni skrubu gani iko ndani, la sivyo atachimba akikisia. Huko watachukua alama za vidole kuthibitisha bima."

Kadi huazimwa, vidole haviazimwi. Nilimwona Mulki akiwaza. Akinyamaza na kwenda zake, taya linaendelea kuoza. Akisema, Nasro hana kazi, na mshahara wa Nasro ndio unaolisha nyumba ile ya Bungoma, na mama yao mzee humo ndani.

"Mimi si Nasro," akasema mwishowe. "Naitwa Mulki. Nasro ni dada yangu."

Phelista akaweka kalamu chini. "Basi itabidi niandike hivyo. Na bima wataona."

"Najua."

Huko hospitali kubwa, skrubu zilitoka na kipande cha mfupa. Kidevu kimebonyea, maneno yanatoka yamekunjana, na wateja wanapita. Nasro alifutwa kazi kabla jeraha halijakauka.

Siku ya Idd nilimsindikiza Mulki Bungoma. Nasro alitufungulia mlango, akatukalisha, akaketi mbali nasi.

"Abaayo, dada yangu, ungeniambia kwanza kabla uwaambie," akasema.

"Na wewe, walipokupigia?"

Nasro aliinuka akaenda kupakua chakula, akamwekea dadake sahani ya pilau yenye minofu mikubwa ya nyama, vipande alivyokuwa akimchagulia tangu wakiwa wasichana. Mulki akaitazama ile nyama. Nasro naye akaitazama, kisha akalitazama taya la dadake. Akaichukua sahani akairudisha jikoni.

Tulingoja. Tukamsikia akilia huko jikoni. Nilimgusa Mulki bega, nikidhani atamfuata. Alijifunga mtandio vizuri kufunika kidevu, akaniambia twende.