Kiganja cha Kushoto

Karatasi Profesa anazo tele, ila huandika kiganjani, mkono wa kushoto. Asubuhi, anapojaribu dawa kwa wenye selimundu, kiganja hujaa vipimo vya damu, akishavihamishia daftarini husugua mikono kwa sabuni mpaka nesi Morenikeji amtanie, "Profesa, utabaki mifupa!" Mchana ni zamu ya wazee wa Ibadan wanaojaribiwa dawa ya usahaulifu. Huwainamia kwa heshima mpaka vidole viguse sakafu, huwauliza hali ya wajukuu, kisha huwapa maneno matatu ya kukumbuka.

Jana alimrudia mmoja wao, Mama Abeke, muuza unga wa viazi vikuu, amtajie maneno yake matatu. "Maneno gani tena, mwanangu? Si ndiyo kwanza tunaonana!" Mara akamkazia macho. "Lakini uso huo ni wa nyumba ya wapiga ngoma wa mtaa wa Oje." Akaanza kumghania sifa za ukoo wake, babu kwa babu, vizazi saba, bila kukwama hata mara moja. Profesa na mvi zake akapiga magoti, kichwa chini, akitabasamu kama bwana harusi. Alipoinuka, akajaza fomu: sifuri kati ya tatu.

"Sifuri?" Morenikeji akang'aka. "Baada ya yote hayo?"

"Dawa yangu haijamsaidia, dada. Nikimpendelea, nitawapa wengine maji matupu nikiyaita dawa." Kisha akamgeukia bibi, sauti imeshuka. "Mama, yule babu wa nne ulimwitaje? Mimi nilishamsahau."

Akatajiwa, akaandika kiganjani. Siku ile Profesa alinawa mkono mmoja tu.