Chumba cha Kubashiri Njia

Siku yangu ya kwanza kazini hapa, nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, Mkuu wa Maabara alinipeleka kwenye chumba chenye meza mbili, akanionyesha iliyokuwa tupu. Ya pili ilikuwa ya Salimu, Mrangi wa Kondoa, mhandisi aliyenitangulia. Kwa miaka sita yeye ndiye aliyekuwa mtu pekee hapa Dodoma niliyeweza kuzungumza naye kuhusu kazi yangu. Mama yangu kule kijijini Gulwe aliwaambia majirani kwamba natengeneza simu.

Kwa msiosomea fani hii, niwaeleze. Mawasiliano ya intaneti husafiri yakiwa yamekatwa vipande viitwavyo pakiti. Ndani ya ruta, kifaa kinachozielekeza, kuna prosesa inayosoma kila pakiti na kuamua: ipite, izuiwe, au ipitie mlango gani. Kila uamuzi ni njia panda. Prosesa haisubiri jibu. Hubashiri kwa kukumbuka yaliyotangulia, ikaendelea na kazi. Ikikosea, hutupa ilichofanya na kuanza upya. Kazi yetu ilikuwa kupunguza makosa hayo.

Mwaka wa sita tulidhani tumefanikiwa. Makosa yalipungua mno, na Mkuu akaalika wageni waje kuona. Wiki moja kabla, nikipitia pakiti tulizojaribia, niligundua kwamba programu yetu ya kuzirekodi ilikuwa imezipanga: mazungumzo ya mtu mmoja yote, ndipo ya mwingine. Kwenye mtandao halisi huja zimechanganyika, na kubashiri huwa kugumu zaidi. Nilizichanganya, nikapima tena. Faida yote ikayeyuka.

Nikamwonyesha Salimu. Programu ile aliiandika yeye. Aliniomba niende kwa Mkuu peke yangu, kwa kuwa hakuwa na uso wa kumtazama.

Mkuu alinisikiliza amesimama.

"Nani mwingine anajua?"

"Salimu tu, mzee."

"Mngeweza kunyamaza."

"Tungeweza."

Akavua miwani, akaifuta. "Basi wageni nitawaambia mimi. Wewe rudi kazini."

Mradi ukapunguzwa, nikabaki mimi peke yangu. Salimu alihamishiwa Dar es Salaam, akaondoka bila kuniaga. Meza yake ikachukuliwa na watu wa stoo. Nikakaa katika chumba kile miaka tisa. Kantini nilikula na wahasibu, wakizungumzia zabibu na mvua, nami nikiitikia. Zilipita siku nzima nisiseme zaidi ya salamu.

Mwishowe nilijaribu kuyapa mazungumzo ya kila mtu kumbukumbu yake ndogo, badala ya prosesa kuyakumbuka yote kwa pamoja. Makosa yakapungua, si sana, lakini kweli. Nilipima mara tatu. Mkuu mpya wa Maabara aliniandikia pongezi za mstari mmoja, akauliza nastaafu lini.

Nikaitafuta namba ya Salimu. Alipokea kijana wake, nikamwulizia baba yake.

"Shikamoo, mama. Baba alitutoka mwezi uliopita," akasema. Nikamtajia jina langu. "Ndiye wewe? Kila mara alikuwa akisema atakupigia."

Sasa nimestaafu, nakaa Ipagala, hapahapa Dodoma. Wahandisi chipukizi wanaonitembelea huniuliza kama najutia ule ukweli nilioupeleka kwa Mkuu. Siujutii, ningeupeleka tena kesho. Najutia siku zilizofuata, nilipomwona Salimu akifungasha vitabu vyake nami nikaendelea kuandika, nikisubiri aanze yeye kusema. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu.