Sarafu ya Tahiru Mezani kwa Jamilah

Nasema wazi: mimi bado nina hasira, na sitaki kuambiwa nipoe. Dada yangu Jamilah amebadilisha pesa katika soko la Koboko, huku Uganda karibu na mpaka wa Sudan Kusini, miaka kumi na tisa. Mimi, Shamirah, nauza chai na gurusa, mkate wetu wa Kinubi, hatua tatu kutoka mezani kwake, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Niliyaona. Kutoka hapa mpaka Arua hakuna mwanamke mwenye akili ya pesa kama Jamilah. Na ndiye huyo huyo aliyeingizwa mjini mchana kweupe!

Kwanza uelewe alivyonaswa. Wafanyabiashara wa Sudan Kusini wakija kununua unga na sabuni, yeye ndiye huwabadilishia pesa. Zamani Susana, mteja wake wa kutoka Yei, alikuja na pesa kwenye pochi. Baadaye akaja na mfuko. Siku hizi anakuja na gunia, na gunia hilo linanunua vitu vichache kuliko ile pochi. Kwao noti zimezidi kuchapishwa, na kila zikizidi, bei nazo zinapanda. Jamilah hahesabu tena noti moja moja, anahesabu mafungu yaliyofungwa kwa mpira. Siku moja alipokea mafungu asubuhi, kufika adhuhuri bei imeanguka, akala hasara ya wiki nzima. Tangu hapo akashika somo moja: pesa ikizidi imekufa, pesa ikiwa adimu ndiyo pesa.

Somo zuri, lakini ni nusu. Na Tahiru alikuja na nusu hiyo hiyo mfukoni.

Huyu Tahiru ni mtu wa Arua, ana ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la misumari, na anavaa koti hata jua likiwaka kama tanuri. Alikaa kwenye benchi langu, akanywa chai yangu, mshenzi yule, akamwambia Jamilah habari za sarafu ya mtandaoni. "Mama, hii haiko na serikali ya kuchapisha. Iko milioni kumi tu, basi. Na kila mwezi tunachoma zingine, tunazitupa mahali hata sisi wenyewe hatuwezi kuzitoa. Zinapungua, bei inapanda. Si kama pesa ya gunia."

Jamilah macho yakamwaka. Susana alikuwepo, ameketi juu ya gunia lake. Akauliza, "Pesa yangu mbaya, lakini kwetu bado inanunua chumvi. Hii yako inanunua nini?"

Dada akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Pesa aliyoitia humo haikuwa yake. Ilikuwa shilingi milioni kumi na tano za Mama, za kwenda Makka. Mama yetu Medina ana miaka sabini na tatu na magoti mabovu, na pesa hiyo tuliiweka kidogo kidogo tangu baba alipofariki. Majirani walikwisha kuanza kumwita Hajati, na alikuwa akiitika, anaona haya lakini anaitika. Jamilah akanunua sarafu mia tano, kila moja kwa elfu thelathini.

Miezi mitano baadaye simu ikasema elfu hamsini. Piga hesabu: milioni ishirini na tano! Safari ya Mama ilikuwa milioni kumi na tisa. Nikamwambia, "Dada, uza leo. Lipa ya Mama, yaishe."

Akanitazama kama niliyetapika mezani kwake. "Nani anauza kitu kinachopanda? Ngoja miezi miwili, nami nitakwenda naye."

Huo ndio ugonjwa wa pesa inayopanda tu: hakuna anayeitumia. Nusu ya soko walikuwa nayo, na hakuna aliyenunulia hata kiberiti. Kila mmoja ameikalia kama kuku na mayai, anangoja kesho. Pesa gani hiyo ya kutazamwa tu? Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mama naye akajiandaa. Kwetu anayekwenda hija huomba msamaha kwanza. Basi akapita nyumba kwa nyumba na magoti yale, anakaa, anapumzika, anasema, "Kama nimewahi kukukosea, nisamehe, mimi nasafiri." Alimaliza mtaa mzima kwa siku nne.

Zikabaki siku sita kabla ya mwisho wa kulipia safari ya hija. Simu ikasema elfu sitini, na hapo Jamilah akakubali kuuza. Lakini wapi! Alimpigia Tahiru, akaambiwa asubiri, soko limekaza. Alipanda gari mpaka Arua, akakuta mlango una kufuli. Aliuliza wauza vitenge, wauza mafuta, mwenye hoteli. Kila mtu alikuwa na sarafu, kila mtu alitaka kuuza. Bei iko kwenye simu, mnunuzi hayuko. Chache zilikuwa chache kweli, ila hakuna aliyezitaka. Siku sita zikaisha. Mama akabaki nyumbani na sanduku lililofungwa.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, ni nani namwona sokoni? Tahiru, na koti lake, amebeba mfuko mweusi. Alitaka dola. Alianza kwa mzee Pitia, mkubwa wa wenye meza za kubadilisha pesa, Pitia akamwambia dola nyingi hivyo ziko kwa Jamilah tu. Akaja anachekacheka, hana hata aibu, akamwaga milioni kumi na mbili mezani.

Jamilah alizihesabu. Kisha akauliza, "Sarafu yako iko ngapi leo?"

"Elfu sitini, Mama! Si nilikuambia?"

"Bei ya kweli?"

"Wallahi, ya kweli."

"Mzee Pitia, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Pitia, na akasimama. Maana kwenye meza zetu kuna sheria ya zamani: anayetaja bei ya pesa kwa kinywa chake mbele ya watu, akilipwa kwa pesa hiyo lazima aipokee kwa bei aliyoitaja. Ukikataa, hakuna meza itakayokubadilishia tena.

Jamilah akafunga zile shilingi kwenye sanduku lake, akabonyeza simu. Simu ya Tahiru ikalia. "Nimekutumia sarafu zako mia mbili. Mara elfu sitini ni milioni kumi na mbili. Tumemalizana."

"Hapana! Nataka dola!"

"Dola ya nini? Dola wanachapisha. Hii yako inapungua."

Soko likaangua kicheko. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Tahiru akapiga kelele kwamba ataita polisi. "Ita," akasema Jamilah. "Uwaambie nimekulipa kitu kisicho na thamani. Sema kwa sauti, hawa wote wasikie."

Tahiru akawatazama watu. Kila mtu pale alikuwa ameshika simu yake, na sarafu zake zimo humo. Akatoka bila mfuko.

Usidhani nitakuambia tulishinda. Wiki hiyo hiyo ujumbe ukaja: sarafu mia tatu za dada zilizobaki zimekuwa elfu tatu, "zawadi kwa wateja". Ati hazichapishwi! Ufunguo wa mtambo wa kuzizalisha walikuwa nao Tahiru na wenzake tangu siku ya kwanza. Bei ikashuka mpaka shilingi mia mbili, na Susana akamwambia Jamilah, "Karibu kwenye gunia, dada."

Kwa hiyo tuna milioni kumi na mbili, na safari sasa imefika ishirini na moja. Nina hasira na Tahiru. Nina hasira na Jamilah, na mara nyingine hata salamu yake inanikera.

Jana jirani alipita uani akaita, "Hajati, umeamkaje?" Mama hakuitika. Akaitwa tena. Akasema, "Mimi ni Medina. Na ule msamaha niliowaomba, waambie sikusafiri."

Jamilah alikuwa amesimama mlangoni, na Mama hakumtazama.